Upande wa Silwal

Siku walipofukia josho letu nilikaa mlangoni kwangu nikichambua omena. Sikulia wala sikupiga kelele. Kelele nilikuwa nimezipiga wiki nzima kabla yake, na hakuna aliyezisikia.

Ukiishi Lambwe huhitaji kuelezwa kazi ya josho. Mbuga ya Ruma iko pale, ng'ambo ya ua wa waya, na mbung'o wanaofuata nyati hawajui ua ni nini. Kila Jumanne tuliwapitisha ng'ombe kwenye ule mfereji wa saruji uliojaa maji ya dawa. Walitumbukia mpaka masikioni, wakatokea upande wa pili wakijikung'uta na kutulowesha sote, na mbung'o aliyetua juu yao baada ya hapo alikufa yeye. Josho nililikuta hapa nilipoolewa, miaka thelathini na moja iliyopita.

Miaka thelathini na moja, na bado naitwa Nyar Suna, binti wa Suna, kwa sababu nilizaliwa Suna, kule Migori. Jina langu ni Jerusha. Kukiwa na msiba na sufuria kubwa inatakiwa, mimi ni Mama Mourine, mtu wao kabisa. Nikifungua mdomo juu ya siasa, narudi kuwa Nyar Suna, mtu wa Migori, niende nikaseme siasa za kwetu.

Walilifukia josho ili helikopta ipate pa kutua.

Sifanyi mzaha. Mwakilishi wetu wa wadi alikuwa amefariki, uchaguzi mdogo umetangazwa, na mgombea aliyependwa na kila mtu ni huyu tunayemwita Jatelo, yaani kiongozi. Jina lake halisi sitaliandika. Limeandikwa mahali pengi vya kutosha, pamoja na ubavuni mwa ng'ombe, nitafika hapo. Wakala wake, Ken, mtu mzima mwenye sauti ya kuuza mitumba, alikuja na wenzake kupima kiwanja. Wakasema upepo wa helikopta utang'oa paa la josho, na huenda mheshimiwa mmoja akatumbukia kwenye mfereji. Paa litolewe, mfereji ujazwe. Ndani ya mwezi mmoja, kabla ya uchaguzi, Jatelo atajenga josho jipya la kisasa, la kunyunyiza kwa mashine.

Kamati ya josho ilikuwa na watu watano, mimi mmoja wao. Mikono minne ilipanda. Wa kwanza kuinua alikuwa mwenyekiti, Bonface, jirani yangu.

Lazima nieleze kuhusu Bonface na mimi, maana bila hilo haya mengine yangekuwa umbea tu. Mimi nina maksai mmoja, mweusi, jina lake Rateng'. Bonface alikuwa na maksai mmoja, mwekundu wa udongo, Silwal. Plau ni yangu, nira ni yake. Marehemu mume wangu Otieno na Bonface waliwafunza hao wawili wakiwa bado madume wadogo wajinga: Rateng' kushoto, Silwal kulia. Walizoea hivyo hata wakiwa malishoni. Ukimwona Rateng' amesimama, ujue Silwal yuko kulia kwake. Tulilima ekari mbili zangu, kisha ekari tatu zake, na mvua ya Machi ikatukuta mbegu ziko mkononi. Maksai mmoja halimi. Nisipolima Februari, Agosti sina cha kutia sufuriani, na hilo halina mjadala.

Kwa hiyo nilipomwona Bonface ameinua mkono, nilimfuata nje ya darasa tulimokuwa tumekutana.

"Baba Dorine," nikamwambia, kwa jina la binti yake mkubwa. "Wewe uko na ng'ombe sita. Jatelo ana ng'ombe ngapi hapa?"

"Nyar Suna, hii si maneno ya ng'ombe. Ni maneno ya heshima. Helikopta itatua kwetu. Si Mbita, si Ndhiwa. Kwetu."

"Itatua dakika ngapi?"

"Wewe unapenda kuhesabu sana," akasema, akacheka, akanipiga begani kama mtoto aliyeuliza Mungu anakula nini.

Walifanya kazi ile kwa furaha, sitawanyima hilo. Watu ambao huwezi kuwapata kuzibua mtaro wa barabara walikuja na wilbaro zao wenyewe. Walisomba mawe na udongo tangu asubuhi mpaka saa kumi, wanawake wakileta uji. Waliimba. Mabati ya paa yakapangwa vizuri kando ya shule, na Ken akasema yatatunzwa. Hayajaonekana tena.

Siku ya mkutano, Bonface alimpaka Silwal rangi. Rangi nyeupe ya mafuta, ya kupaka madirisha, herufi kubwa ubavuni: JATELO TOSHA. Alitaka kumpaka na Rateng' ili wasimame pamoja wakiwa wamefungwa nira, Rateng' abebe JATELO na Silwal abebe TOSHA. Nilimwambia akimgusa Rateng' nitampaka yeye. Kwa hiyo Silwal akabeba maneno yote mawili peke yake.

Helikopta ilitua. Vumbi likaingia mpaka kwenye maziwa yangu. Jatelo akashuka pamoja na wakubwa wa chama, akasimama juu ya josho letu, juu yake hasa, akauliza kama tunataka maendeleo. Watu wakasema wanataka. Tisheti zikarushwa. Helikopta ikaondoka. Nilitazama saa ya simu, kwa sababu napenda kuhesabu: dakika ishirini na tatu.

Kulikuwa na mgombea mwingine, mwalimu mmoja mstaafu. Alikuja wiki iliyofuata kwa pikipiki, akasimama pale pale, akasema atafukua josho na kurudisha paa. Watu saba walimsikiliza. Wawili walikuwa wanangoja mvua iishe.

Mbung'o walianza kuzidi mwezi wa kumi na mbili. Mimi nilikwenda Migori, kwenye duka la dawa za mifugo la Noordin. Ni mbali, najua, na Homa Bay kuna maduka, lakini duka moja la huko liliwahi kuniuzia dawa iliyopita tarehe, na Noordin namjua tangu baba yake akiuza chumvi na taa za vibatari hapo Suna. Akanipa dawa ya kumwaga mgongoni, kuanzia shingo hadi mkiani.

"Mmwagie na mwenzake, dada Jerusha," akasema. "Ukimkinga mmoja na mwingine yuko wazi pembeni yake, umefanya nusu ya kazi."

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa Bonface na chupa mkononi. Nikamwambia dawa ipo, inatosha wote wawili, sitaki chochote kutoka kwake, amshike tu Silwal pembe.

Bonface akaitazama ile chupa kama imetoka kwa mganga.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini? Mimi ndiye ninamwaga."

"Nyar Suna, elewa. Mimi ndiye chairman. Nilisimama mbele ya watu nikasema josho inakuja. Leo watu waone chairman mwenyewe anamwagia ng'ombe yake dawa ya chupa? Si watasema hata mimi siamini?"

"Unaamini?"

"Jatelo amesema."

"Mwezi umeisha, Baba Dorine."

"Amesema kabla ya uchaguzi. Uchaguzi bado."

Mkewe Emmaculate alikuwa anapepeta dengu hapo karibu. Hakuinua macho. Nilimtazama nikimwomba kwa uso tu aseme neno, na yeye akaendelea kupepeta, mpaka nikaona aibu kusimama pale na chupa yangu. Nikarudi nyumbani nikammwagia Rateng' peke yake. Mourine, binti yangu aliyeolewa Isebania, alinipigia simu jioni ile. Nikamweleza. Akasema, "Mama, si uhame tu uje huku." Nikamwambia nitafikiria. Sikufikiria. Wakati huo nilikuwa nimeacha kufikiria vitu vingi.

Watu husema hasira inachemka. Yangu ilikuwa imepoa kitambo, imeganda juu kama uji uliosahauliwa. Niliamka, nikakamua mbuzi wangu, nikafagia, nikasikia redio ya Bonface ikimwimba Jatelo, nikalala.

Januari Silwal akaanza kukonda. Manyoya yalisimama, macho yakatoa machozi, akawa anabaki nyuma wenzake wakienda majini. Rateng' naye anasimama kumngoja. Yale maandishi ubavuni yakaanza kujikunja kwa sababu ya mbavu. Sikumwambia Bonface neno. Kila mtu aliona, na kila mtu alisema ni kiangazi.

Siku moja asubuhi Bonface akavaa koti lake la kanisani akaenda Homa Bay, kwenye ofisi ya kampeni ya Jatelo. Alimwambia kila aliyekutana naye njiani: anakwenda kumkumbusha mheshimiwa habari ya josho, uso kwa uso. Nilimwona akirudi jua likiwa limeelekea mlimani. Alikuwa amevaa tisheti mpya juu ya shati.

"Ulimwona?" nikamuuliza.

"Amenisalimia."

"Josho je?"

"Amesema baada ya uchaguzi." Akainyoosha ile tisheti tumboni. "Nyar Suna, wewe usijali. Jatelo ananijua kwa jina."

Baadaye Emmaculate aliniambia, tukiwa wawili kisimani, kwamba alikaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa kumi. Jatelo hakuwepo. Msichana wa ofisini alimpa tisheti ili aondoke. Nilipaswa kumwonea Bonface huruma. Nilitafuta hiyo huruma na sikuipata mahali ilipokuwa ikikaa.

Silwal alichinjwa siku nne kabla ya kura, kabla hajajifia mwenyewe. Wanaume walikuja kusaidia, wakala maini ya kuchoma palepale, wakizungumza kampeni. Mmoja akasema mbung'o hawa wameletwa na watu wa mwalimu ili kumharibia Jatelo jina. Wengine wakaitikia. Bonface alikuwa anashika mguu wa nyuma mchunaji akipita na kisu. Hakuitikia, lakini hakukataa.

Ngozi ikatandazwa uani kwa Bonface na kupigwa vigingi, upande wa manyoya juu kwa sababu Emmaculate hakutaka nzi. Kutoka mlangoni kwangu niliweza kuisoma. JATELO TOSHA. Ilikaa hapo mpaka ikakauka.

Emmaculate aliniletea nyama ya shingo kwenye bakuli. Alisema ameona ni haki nipate shingo, hapo nira ilipokuwa inakaa. Niliipika na nyanya. Niliila yote nikaosha bakuli nikalirudisha, na ukiniuliza ilikuwa na ladha gani sijui.

Rateng' alikuwa zizini kwangu amesimama upande wa kushoto. Kulia kwake palikuwa wazi. Alisimama hivyo siku ile na siku iliyofuata, na siku ya tatu nikaona tezi za shingo yake zimevimba. Dawa ya mgongoni haikutosha. Noordin alikuwa ameniambia.

Siku ya kura niliamka saa kumi na nusu za alfajiri. Nilikuwa nimemwambia kila mtu, bila kuficha, kwamba nitampigia mwalimu. Nilisema kisimani, nilisema kanisani, nilimwambia Ken machoni. Lakini kwanza Rateng' alihitaji sindano, na Noordin alisema kwenye simu nije mapema, dawa ipo. Nikahesabu: nikiondoka sasa, saa nane nimerudi, kituo kinafungwa saa kumi na moja. Nilibisha kwa Bonface. Akatoka na shuka begani.

"Naenda Migori kuchukua sindano," nikamwambia. "Mpe Rateng' maji saa sita. Sina mtu mwingine."

"Na kura?"

"Nitarudi."

Akaitikia kwa kichwa. Giza lilikuwa bado halijaachia vizuri na hakuna mwingine aliyeniona nikipanda pikipiki.

Migori hawakuwa na uchaguzi. Maduka yalikuwa wazi, malori ya Isebania yanapiga honi, watu wanagombana juu ya bei ya vitunguu. Saa nne nilikuwa kwa Noordin. Alinipa dawa ya unga ya kuchanganya na maji yaliyochemshwa, na sindano mbili, akanionyesha kwenye mfuko wa mchele mahali pa kuchoma na kwa kina gani. Kisha akaagiza chai.

"Leo si mnapiga kura huko kwenu?" akauliza.

"Wanapiga."

"Na wewe?"

Nikamweleza habari ya josho. Nilieleza polepole, toka wilbaro mpaka ngozi. Noordin hakucheka. Akasema hata mtaani kwao kuna watu waliompigania kwa mawe diwani aliyewabomolea vibanda, na mmoja wao ni shemeji yake. Akaagiza chai ya pili. Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na nusu, ningeweza kuwahi. Saa sita ningeweza kuwahi. Saa saba, kwa kukimbia. Nilikuwa nimekaa kwenye gunia la pumba, mgongo umeegemea rafu ya dawa za minyoo, na nilijisemea: kura moja, Jerusha, kura moja itafanya nini katika mia nne? Nikabaki hapo mpaka saa tisa. Hakuna aliyenizuia. Sikuwa mgonjwa, gari halikuharibika. Nilikunywa chai.

Nilifika nyumbani jua limezama. Rateng' alikuwa ameshanyweshwa na kuwekewa majani. Nikamchoma sindano mwenyewe. Alitetemeka kidogo akatulia.

Asubuhi yake kulikuwa na manyunyu, yale ya kukuonya kwamba mvua yenyewe iko njiani. Nikavaa sweta nikabeba debe la mahindi kwenda kwenye mashine ya kusaga. Palikuwa na watu wengi kuliko mahindi yaliyokuwepo. Kila mtu alikuwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilichochovywa wino, na walivionyesha wakizungumza, wanashika vitu kwa namna ambayo kidole kinaonekana. Ken alikuwa amesimama barazani. Alikuwa ameipiga picha karatasi ya matokeo iliyobandikwa mlangoni mwa darasa, na sasa anaisoma kwenye simu, kwa mara ya ngapi sijui.

"Kituo chetu! Jatelo, mia tatu themanini na sita!"

Vigelegele.

"Mwalimu..." Akanyamaza ili watu wajiandae. "Moja!"

Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Vichwa viligeuka kwangu kwa pamoja.

"Yawa, Nyar Suna, asante sana," akasema Ken. "Bila wewe mwalimu angepata yai."

Wakacheka. Hata mwenye mashine, Mirumbe, mtu wa Kuria ambaye hana kura hapa, alicheka. Mimi nami nilikaribia kucheka, maana kwa mara ya kwanza walikuwa wamenisingizia jambo ambalo kweli sikulifanya. Nikafungua mdomo niseme.

"Sasa sikiza," Ken akaendelea, bila kicheko. "Jatelo analeta trekta Jumatatu. Atalimia watu wenye ng'ombe zao zimekufa. Bure. Lakini ni ya watu wake. Hiyo boma ya kura moja itoke kwa list. Chairman, list iko wapi?"

Orodha ilikuwa kwa Bonface, kwenye daftari la shule alilolibana kwapani. Jina langu lilikuwemo. Aliliandika mwenyewe, wiki ile Silwal alipochinjwa na habari ya trekta ikaanza kuvuma, akanionyesha.

Nikatua debe. Ekari zangu mbili zilikuwa kwenye lile daftari, na ushahidi ulikuwa mkononi mwangu: kidole cha mwisho, safi, hakina doa. Kukiinua tu na kila kitu kingekwisha. Ningesema, haya, mimi hata sikupiga kura, tafuteni mwenyewe. Nikaanza kuinua mkono.

Bonface akaja upande wangu haraka, akainama kama anayenisaidia debe.

"Weka mkono mfukoni, Nyar Suna," akasema chini chini.

Sikuelewa. Nikamtazama. Alikuwa amevaa ile tisheti mpya ya Homa Bay. Kidole chake kilikuwa cheusi mpaka kwenye kiungo.

"Tafadhali," akasema.

Katika miaka thelathini na moja Bonface hajawahi kuniambia tafadhali. Ndipo nikaelewa. Yeye peke yake alijua nilikuwa Migori. Yeye peke yake, kati ya wote waliokuwa pale, hakugeuza kichwa kunitazama Ken alipotaja ile moja. Kidole changu kikionekana, Ken ataanza kutafuta kati ya vidole vyeusi, na hatachelewa kumkumbuka mtu aliyechinja maksai siku nne kabla.

Ile moja ilikuwa yake.

Nilimkasirikia. Nalisema waziwazi, kwa sababu kwa miezi mitatu sikuwa nimehisi chochote na hii niliihisi mpaka kwenye meno. Mtu huyu aliinua mkono mchana kweupe wakati mkono wake ungeokoa josho. Alikataa chupa ya dawa ili asionekane. Sasa amesema hapana, peke yake, nyuma ya kipande cha kadibodi ambako hakuna anayemwona, na anataka mimi niivae hiyo hapana yake na nipoteze trekta kwa ajili yake. Ningeweza kumpiga na debe.

Halafu nikakumbuka vikombe vyangu viwili vya chai.

Nikatia mkono mfukoni mwa sweta.

"Chairman, kata," akasema Ken.

Bonface akafungua daftari juu ya goti, akatafuta jina langu, akalipiga mstari. Kisha akapiga wa pili, taratibu, ili uonekane kutoka barazani. Watu wakapiga makofi. Nilingoja zamu yangu, nikasagiwa mahindi yangu, nikarudi nyumbani na debe kichwani nikilishika kwa mkono mmoja wa kulia njia nzima.

Wiki nzima mkono wa kushoto ulikaa mfukoni. Nilikamua mbuzi kwa shida. Kanisani nilivaa glavu za sufi za Mourine, kwenye joto lile, na Emmaculate akaniuliza kama nina baridi yabisi.

Trekta haikuja Jumatatu ile, wala iliyofuata. Rateng' alipona. Alhamisi ya wiki ya pili, asubuhi, Bonface alikuja na dume mdogo aliyemwazima kwa shemeji zake Ndhiwa, mweupe mwenye madoa, hajui nira hata kwa kunusa. Hakubisha hodi. Alikwenda zizini, akamtoa Rateng', akaweka nira yake shingoni mwa Rateng' na kumvuta yule mdogo upande wa kulia. Rateng' alimnusa, akageuza kichwa. Lakini alisimama.

Tulianza na shamba langu. Mimi nilishika kamba mbele, Bonface plau nyuma. Mistari ilikwenda upogo kuliko njia ya mlevi. Yule mdogo alitaka kulala, kisha akataka kukimbia, kisha akataka kula mashina ya mahindi ya mwaka jana. Watu waliopita barabarani walisimama kutazama.

"Nyar Suna! Kura moja!" wakapiga kelele. "Trekta yako ni hiyo?"

Bonface alicheka nao. Alicheka kwa nguvu kuliko wote, akanyoosha kidole kunionyesha mimi. Kidole chake wino ulikuwa umeanza kufifia, umebaki kwenye kucha tu. Nilimwacha acheke. Walipokwenda akaacha mara moja, akafuta uso kwa ile tisheti.

Mwisho wa mstari wa nne tulisimama ili ng'ombe wapumue. Kutoka hapo unaliona josho, au mahali lilipokuwa. Majani yameota juu yake sasa.

"Siku ile ningeweza kuwahi," nikamwambia bila kumtazama. "Nilimaliza mambo yangu kwa Noordin saa tano. Nilikaa tu. Nilikunywa chai."

Bonface alikuwa anaondoa udongo kwenye jembe la plau kwa kisigino, anauondoa hata baada ya kwisha.

"Zingekuwa mbili," akasema.

Kisha akashika mpini. "Haya, geuza. Jua inapanda."

Nikavuta kamba. Rateng' akageuka upande wake, na yule mdogo akamfuata kwa shida.